Mirabaha Peke Yake Haimlishi Mpiga Besi

Mjadala wa maslahi ya wanamuziki ukifunguliwa, uwe Dar es Salaam au Nairobi, hauchukui muda kuishia kwenye mirabaha. Redio zinapiga nyimbo bila kulipa, baa nazo vivyo hivyo, na fedha zinazokusanywa mgawo wake haueleweki. Malalamiko hayo yana msingi na sina nia ya kuyabeza. Tatizo ni kwamba yamemeza mjadala mzima. Wengi wanaoishi kwa muziki katika miji yetu hawamiliki wimbo wowote. Wanapiga besi, kinanda, dramu na gitaa la rithimu, wanaitikia, wanacheza shoo, na wanalipwa kwa usiku waliofanya kazi. Anayeuza jasho lake kwa usiku au kwa mwezi hulindwa na makubaliano juu ya bei ya kazi, na makubaliano hayo huletwa na chama cha wafanyakazi. Chombo hicho ndicho tunachokikosa. Mpaka kipatikane, hata mirabaha ikikusanywa kwa uaminifu wote itawaacha wengi pale pale walipo.

Tuanze na hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2022 COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, iligawa mirabaha ya takribani shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,100. Kwa nchi yenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, hiyo ilikuwa hatua, na waliopokea walistahili. Ila fedha hizo ukizigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata chini ya shilingi 300,000. Nchini Kenya, mwaka 2019, chama cha hakimiliki za muziki cha MCSK, kilichokuwepo tangu 1983, kiliwatumia wanachama wake shilingi 2,530 za Kenya kila mmoja katika mgawo wa jumla, na ghadhabu iliyofuata bado inakumbukwa. Mtu anaweza kusema makusanyo yakiboreshwa viwango vitapanda. Ni kweli vitapanda, lakini vitapanda kwa nani? Mirabaha ya utunzi ni ya mtunzi, na haki ya mpigaji huambatana na kazi iliyorekodiwa. Bendi inayopiga kopi hotelini kila Ijumaa inazalisha mirabaha kwa watunzi wa nyimbo hizo, wengine wakiwa Kinshasa, wengine London. Wapigaji wenyewe haki yao ni ujira wa usiku ule, na ujira huo hakuna ofisi ya hakimiliki inayoupanga wala kuudai.

Tutazame usiku mmoja wa kazi. Gari la vyombo hufika ukumbini alasiri. Wanamuziki wenyewe hushusha spika, hufunga nyaya na kupima sauti. Bendi hupanda jukwaani saa tatu usiku na kushuka saa nane, wakati daladala zimekwisha na kila mtu anatafuta bodaboda kwa fedha yake. Makubaliano na mwenye ukumbi yalifanywa kwa mdomo na kiongozi wa bendi: baa ni ya mwenye ukumbi, kiingilio ni cha bendi, baada ya kutoa gharama. Gharama ni zipi, hujulikana usiku huo huo. Mvua ikinyesha na watu wasije, hasara ni ya bendi. Watu wakijaa, faida ya bia haigawanywi. Deiwaka aliyeitwa kuziba pengo la mpiga dramu mgonjwa huambiwa aje Jumatatu kuchukua chake. Katika mlolongo huo wote hakuna kipengele hata kimoja ambacho mirabaha ingekirekebisha. Saa za kazi, mapumziko, chakula, usafiri wa usiku, fidia ya shoo iliyoahirishwa na tarehe ya malipo yote ni mambo ya mkataba wa kazi.

Hapa inabidi kutenganisha vyombo vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni chombo cha hakimiliki, ambacho kazi yake ni kusajili kazi za sanaa, kukusanya na kugawa mirabaha. Cha pili ni chama cha wasanii cha kawaida, chini ya mwavuli wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kinachounganisha watu wa fani moja: kinazungumza na serikali, kinaandaa matamasha, kinachangisha rambirambi. Cha tatu ni chama cha wafanyakazi, kinachosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hicho cha tatu pekee ndicho sheria inachokipa nguvu ya kumketisha mwajiri mezani na kufunga naye mkataba wa pamoja. Vyama vyetu vingi vya muziki vimekuwa vya aina ya pili. Vinafanya kazi nzuri ya kufarijiana, kisha tunavilaumu kwa kutopandisha malipo, jambo ambalo havikuundwa wala kupewa meno ya kulifanya.

Wapo watakaosema kwamba mwanamuziki kulipwa kama mfanyakazi ni wazo la kigeni. Historia ya muziki wa dansi Tanzania inakataa. Mwaka 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilipovunjwa na NUTA kuundwa mahali pake, chama hicho kipya kilianzisha bendi, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Bendi hiyo ilibadili jina kila mwajiri wake alipobadilika, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Haikuwa peke yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, umoja wa vijana wa chama tawala ulikuwa na Vijana Jazz, na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, liliichukua Mlimani Park mwaka 1983. Katika miaka hiyo lilikuwa jambo la kawaida mpiga tarumbeta kuwa na mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini kuna jambo moja wanamuziki hao hawakuwa nalo: chama chao wenyewe. Hata bendi iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi ilikuwa chini ya chama hicho kama mwajiri. Mshahara ulikuja kwa hisani ya taasisi, na mashirika ya umma yalipoyumba na kubinafsishwa ukaondoka nayo.

Silaha waliyokuwa nayo ilikuwa kuhama. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 kwa kuchukua wanamuziki wa bendi nyingine, na mwaka 1985 wanamuziki wake kadhaa, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, wakaelekea Orchestra Safari Sound. Kila uhamisho ulimnufaisha aliyehama kwa muda, kwa sababu mwenye vyombo mpya alilazimika kupanda dau. Bei ya kazi kwa waliobaki haikuguswa. Gurumo huyo huyo, mmoja wa waimbaji wakubwa kuwahi kutokea nchini, alistaafu mwaka 2013 baada ya takribani nusu karne jukwaani, na habari iliyotamba mwaka huo ni kwamba Diamond Platnumz alimzawadia gari. Ilikuwa heshima ya kijana kwa mzee na inapaswa kusifiwa. Hata hivyo, fani ambayo mafao ya uzeeni ya nguli wake hutegemea moyo mwema wa nyota wa siku hiyo haina mfumo wa mafao. Wasiojulikana kama Gurumo, waliopiga nyuma yake miaka yote hiyo, hawakuwa na wa kuwazawadia chochote.

Kwingineko jambo hili lilishughulikiwa zamani. Wanamuziki wa Marekani waliunda shirikisho lao, American Federation of Musicians, mwaka 1896, likiwa na matawi ya miji yanayojitegemea kwa mambo mengi. Tawi hupanga kima cha chini cha malipo kwa kila aina ya kazi mjini pake, na mwanachama anayekubali chini ya hapo hujibu mbele ya wenzake. Mkataba wa kazi huwekwa tawini. Mwajiri asiyelipa hudaiwa na tawi, na akikaidi jina lake hutangazwa ili wanachama wasimfanyie kazi tena. Uendeshaji hulipwa kwa ada ya mwaka na asilimia ndogo ya kila malipo. Faida kubwa ya mfumo huu ilionekana teknolojia ilipokuja kuwanyang'anya kazi. Filamu zenye sauti zilipoingia kuanzia 1927, maelfu ya wapigaji wa majumba ya sinema walibaki bila ajira, na shirikisho halikuweza kulizuia hilo. Lilipofuata tishio la santuri na redio, shirikisho lilikuwa limejifunza. Tarehe 1 Agosti 1942, chini ya rais wake James Petrillo, wanachama waligoma kurekodi. Kampuni ya Decca ilikubali masharti Septemba 1943. Columbia na RCA Victor zikafuata Novemba 1944. Kampuni zilikubali kuchangia mfuko kwa kila santuri inayouzwa, na fedha za mfuko ziwalipe wapigaji wanaotumbuiza hadharani bila kiingilio. Sheria mpya ya kazi ya mwaka 1947 iliuvunja mpango huo, wakagoma tena mwaka 1948, na mgomo huo ukazaa mfuko mwingine chini ya msimamizi asiye wa upande wowote, mfuko ambao upo hadi leo.

Mgomo huo wa 1942 una funzo jingine linalotuhusu zaidi. Waimbaji hawakuwa wanachama wa shirikisho, kwa hiyo kampuni ziliwarekodi wakisindikizwa na kwaya badala ya bendi. Frank Sinatra alitoa nyimbo za namna hiyo mwaka 1943. Hazikuvunja mgomo, lakini ziliudhoofisha, na zilionyesha kwamba kundi lolote linaloachwa nje ndilo mlango atakaopitia mwajiri. Kwetu mlango huo ni pleibeki. Msanii wa bongo fleva anayepanda jukwaani na dijei mmoja ni nafuu kwa promota kuliko bendi ya watu kumi na wawili. Chama cha wapiga vyombo peke yao kitakachowaona waimbaji wa pleibeki na madijei kuwa maadui kitashindwa kabla ya kuanza. Chama chenye akili kitawasajili wote, kisha kipange bei ya kila mmoja.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni la kisheria: wanamuziki ni watu wa kujitegemea, si waajiriwa, hivyo sheria ya vyama vya wafanyakazi haiwahusu. Pingamizi hili hurudiwa sana na watu wasiosoma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata moja kati ya mambo yaliyotajwa lipo. Miongoni mwa mambo hayo ni kwamba namna au saa za kazi yake zinaongozwa na huyo mwingine. Kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwamba anamtegemea kiuchumi. Au kwamba anapewa zana za kazi. Sasa mfikirie mpiga kinanda anayepigia kinanda cha tajiri wa bendi, anayeambiwa mazoezi ni Jumanne na Jumatano saa nne asubuhi, na anayekatwa fedha akichelewa. Huyo hana sifa moja tu, ana karibu zote. Kinachomnyima haki za mwajiriwa, ikiwemo michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni kwamba hakuna aliyewahi kudai kwa niaba yake. Deiwaka halisi, wa leo hapa na kesho pale, ana hoja ngumu zaidi. Lakini waliojenga matawi ya Marekani nao wengi walikuwa watu wa kazi za usiku mmoja mmoja, na hilo halikuwazuia kukubaliana bei.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza: wanamuziki ni wengi, njaa ni kali, na ukikataa kupiga kwa bei hiyo kuna kumi wanaosubiri nafasi yako. Ni kweli, na chama kitakachotangaza kima cha chini kwa kila baa ya kila kona kitadharauliwa mwezi wa kwanza. Dawa ni kuanza pale ambapo mnunuzi hawezi kuchukua yeyote. Hoteli kubwa za Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar zinahitaji bendi inayofika kwa wakati, yenye nyimbo mia kadhaa kichwani, inayoweza kuwapigia watalii saa ya chakula na wenyeji baada ya hapo. Hafla za serikali na makampuni nazo hazimtafuti mpita njia. Huko wapigaji wanaoaminika ni wachache na wanafahamiana kwa majina. Wakikubaliana, bei itasimama, na ikisimama huko itakuwa kipimo cha kujadiliana kwingine. Sheria yenyewe inasaidia: chama chenye wanachama walio wengi katika kundi la waajiriwa wa mahali fulani pa kazi kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa msemaji wao pekee katika majadiliano. Bendi ya watu wanane inahitaji watano. Tena katika hoteli hizo hizo wahudumu na wapishi wanaweza kuwa na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wakati anayewapigia wageni muziki hana wa kumsemea.

Pingamizi la tatu ni la uchungu: vyama vyetu huliwa na viongozi wake. Sitawatetea viongozi, wala sitasema wageni ni malaika. Shirikisho la Marekani kwa miongo mingi liliwatenga wanachama weusi katika matawi yao. Chicago ilikuwa na tawi namba 10 la wazungu na namba 208 la weusi, lililoanzishwa mwaka 1902, na hayakuungana mpaka 1966. Mfuko wake wa pensheni, uliofunguliwa mwaka 1959, uliyumba kiasi cha kuomba kibali cha kupunguza mafao, ukanyimwa mwaka 2020, na mwishowe ukaokolewa na zaidi ya dola bilioni moja za serikali mwaka 2024. Chama si dawa ya tamaa wala ya hesabu mbovu. Tofauti ni kwamba mwanachama ana pa kushika. Kwa sheria yetu, chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa lazima kiwe na katiba, kifanye uchaguzi, kikaguliwe hesabu zake na kumpelekea Msajili taarifa. Asiyejiunga kwa kuogopa kuibiwa ada tayari anapoteza fedha kila wiki kwa promota ambaye hawezi kumwomba hesabu.

Na wale waliokwisha kufanikiwa, chama watakihitaji kwa lipi? Mwimbaji nyota anajadiliana mwenyewe, hilo halina ubishi. Lakini naye anategemea wapigaji ambao hawatamkimbia katikati ya ziara kwa sababu ya tofauti ya shilingi elfu ishirini. Naye huahirishiwa shoo bila fidia, na naye atazeeka. Uingereza, ambako wanamuziki wamekuwa na chama tangu 1893, mwanachama hupata bima ya vyombo na ya ajali inayoweza kumpata mtu wa hadhira kwenye shoo yake, pamoja na mwanasheria wa kumsomea mkataba kabla hajasaini. Hayo ni mambo ambayo hata mwenye fedha huyapata kwa bei nafuu zaidi akiwa na wenzake. Kwetu, faida ya haraka ingekuwa ya namna hiyo hiyo: mkataba mmoja wa kawaida wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, ambao bendi yoyote ingeweza kuujaza na kumpa mwenye ukumbi, na ofisa wa chama wa kumsindikiza mwanachama Tume ya Usuluhishi na Uamuzi pale anapofukuzwa au kunyimwa malipo. Shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30 na madai mengine ndani ya siku 60. Wangapi wamepoteza haki zao kwa kungoja ile Jumatatu?

Kwa hiyo mwanamuziki akialikwa kujiunga na chama, asiulize kwanza atapewa nini. Aulize kimesajiliwa kwa nani, na kama usajili huo unakiruhusu kufunga mkataba wa pamoja. Aulize hesabu za mwaka jana ziko wapi, uchaguzi ulifanyika lini, na kama kuna kima cha chini kilichokubaliwa ambacho hata mwenyekiti hawezi kukiuka. Akikosa majibu, atakuwa amejua ni chama cha aina gani. Akiyapata, alipe ada na akatae kazi ya chini ya kima, kwa sababu bei ya chama haina mlinzi mwingine zaidi ya mwanachama mwenyewe anayekataa. Aliyejiunga kisha akapiga kwa nusu bei kwa siri amewaumiza wenzake kuliko yule ambaye hakujiunga kabisa.

Tuendelee kudai mirabaha, na tuidai kwa sauti. Lakini tusikubali idadi kubwa ya wafanyakazi wa muziki ingojee mgawo ambao haukukusudiwa wao. Sheria inadai waajiriwa 20 tu ili chama cha wafanyakazi kianzishwe. Bendi mbili za dansi zikikaa pamoja, na wacheza shoo wao na mafundi mitambo wao, idadi hiyo imetimia. Wakutane siku ya mazoezi, waandike katiba, wampelekee Msajili.